Baridi ya Mbeya isikudanganye, jua linapiga

Watu wa huku bwana, tukishaona ukungu umeshuka mpaka Uyole na kila mtu kajifunga sweta tunasema leo jua hakuna, kumbe mionzi inayoharibu ngozi haina habari na baridi kabisa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo, inaitwa UV, inaongezeka kama asilimia 10 hivi, na mawingu mepesi hayaizuii, inapita tu. Yani unatetemeka huku unaungua.

Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Mpwa wangu ni mmoja wao, yuko darasa la nne, na dada yangu akimaliza kumuogesha jioni huwa anampitia taratibu, nyuma ya masikio, shingoni, mdomo wa chini, migongo ya mikono, anatafuta kile kigaga kinachobanduka alafu kinarudi palepale. Kigaga kikiwahiwa kliniki wanaweza kukigandisha kwa naitrojeni ya baridi kali, dakika chache tu mnarudi nyumbani, kikiachwa kinaweza kugeuka saratani na hapo ni upasuaji. Mafuta ya jua anapaka kabla ya kutoka na anarudia kila baada ya masaa mawili. Kuna yale ya Kilisun yanatengenezwa Moshi kwa ajili yao kabisa. Masikio ndo watu wanasahau, paka masikio jamani!

Sa na sisi weusi tusijione tumepona. Bob Marley alikutwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki 1981 akiwa na miaka 36 tu. Kwetu ile aina mbaya, melanoma, inapenda kukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo hata jua hazioni, kwahiyo hapo mafuta hayasaidii, ni kuangalia tu. Ila nani anaangalia unyayo wake? Mama zetu wa viazi wanashinda kwenye gambuti, miguu imepasuka, udongo umejaa kwenye mipasuko, doa utalionaje. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, sugua na jiwe, kausha, alafu mwambie mtoto amulike na tochi ya simu mpaka katikati ya vidole. Doa jeusi linalotanuka au lenye kingo zilizovurugika, au mstari kwenye ukucha unaozidi kunenepa mpaka weusi unaingia kwenye nyama, nenda hospitali. Mistari ya kucha weusi wengi tunayo na ni kawaida, usipaniki, angalia kama inabadilika. Na kovu la zamani la moto likifumuka kidonda kisichopona, hilo nalo usikae nalo.

Kinachoniudhi ni watu kujikata wenyewe na wembe eti sunzua. Daktari anakata kinyama kidogo kinaenda maabara, ndo mnajua ni nini, wembe wako utajua nini?

Kwa sasa vita yetu ni shuleni kwa huyu mpwa, mwalimu anamvua pama mstarini asubuhi anasema sio sare, dada kaenda na cheti cha kliniki kaambiwa asubiri kikao cha wazazi.