Siku niliyomwekea Hajati betri

Saa 12 asubuhi. Ukungu bado umeufunika Mwamba wa Tororo, hapa mashariki mwa Uganda. Nakunywa chai nikiwa nimesimama, macho kwenye betri iliyolala sebuleni kwangu tangu jana. Kilo 48, bei ya ng'ombe watatu wanono, na si mali yangu. Usiku nimeamka mara mbili kuichungulia kama mgonjwa.

Saa 1:30. Pikapu imefika. Kijana ninayemfundisha kazi anakaa nyuma na betri, ameikumbatia isiyumbe. Tunashika njia ya Malaba.

Saa 2. "Salaam aleikum, Hajati."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Leo giza linahama?"

Hajati ana paneli nane za wati 400 juu ya bati, zina miaka miwili. Kila umeme ukikatika, hata saa 6 mchana jua likiwaka la kukausha mihogo, nyumba inazimika. Mzee wake alishaamini kwamba walipigwa paneli feki. Hazikuwa feki. Inveta yake, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, bila betri hutegemea umeme wa nguzo ndipo ifanye kazi. Ukipotea, inajizima makusudi, isije ikarudisha moto kwenye nyaya wakati fundi yuko juu ya nguzo anatengeneza. Aliyewafungia alichagua inveta nzuri yenye nafasi ya betri, akazifunika nati za betri kwa plastiki, akaenda zake. Hakuwaambia kitu.

Saa 2:30. Kabla ya kufungua boksi natoa daftari. Hapa ndipo nagombana na wateja, maana wengi wanadhani betri inaongeza umeme. Haiongezi hata chembe. Inalibeba jua la mchana kulipeleka usiku, na mzigo wake una kipimo. Betri hii ni ya lithiamu, seli 16 za volti 3.2, jumla volti 51.2 kwa ampea-saa 100, yaani uniti 5 na kidogo kwa lugha ya Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Siruhusu ishuke chini ya asilimia 20, kwa hiyo tunazotumia ni kama 4.

Tunahesabu kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi. Friji, uniti 0.6. Friza ya maziwa na juisi za biashara, 0.8. Taa, kama 0.45. Runinga, 0.3. Kisanduku cha intaneti, 0.12. Inveta yenyewe inakula wati 50 hata ikikaa bure, na hiyo ni 0.6 nyingine ambayo mafundi wengi huisahau. Inakaribia uniti 3. Tunatosha.

"Na pasi?"

"Pasi hapana, Hajati."

"Ya shule tu, mashati mawili."

Pasi na birika la umeme vinabaki upande wa nguzo. Amekubali, lakini uso haujakubali.

Saa 3:15. Anataka betri ikae stoo, kati ya magunia ya mchele na jerikani ya mafuta ya taa. Nakataa. Tunaifunga ukutani kwenye korido, penye hewa na pasipofika jua.

Saa 4 hadi saa 6 ni kazi ya kuhamisha saketi kwenye ubao wa bureka, zile tulizohesabu ziingie upande wa betri. Haina hadithi, isipokuwa nyutro ya taa, waya wa kurudishia umeme, ilikuwa imeunganishwa na ya jikoni. Nikaifukua, nikaitenganisha. Jasho tu.

Saa 6:20. Waya za betri, milimita za mraba 35. Inveta ya kilowati 5 ikivuta nguvu zote kwenye volti 48 hupitisha zaidi ya ampea 100, na ampea nyingi hivyo hazisamehe nati iliyolegea. Niliwahi kukaza kwa kubahatisha nyumba fulani, wiki tatu baadaye lagi, kile kichwa cha chuma cha waya, ilikuwa imeyeyuka na ukuta mweusi. Siku hizi nakaza kwa spana ya kipimo, kisha nachora mstari wa rangi nyekundu kutoka kwenye nati hadi kwenye bati lake. Nati ikisogea, mstari unakatika, na hata mtoto anauona.

Naunganisha kwanza kupitia balbu ya zamani, ile ya nyuzi. Inawaka, inafifia, inazima. Inveta imeshiba polepole. Ukiigusisha moja kwa moja inatoa cheche ya kukurusha nyuma.

Saa 7:10. Skrini inaandika kwamba haiioni betri. Kijana ananiangalia mimi, Hajati anamwangalia kijana. Volti zipo, 52.6. Kumbe ni ile waya nyembamba ya mawasiliano: betri inazungumzia tundu la 4 na la 5, inveta inasikilizia la 1 na la 2. Wawili wanaongea, kila mmoja na ukuta wake. Nakata kichwa cha waya, nazipanga upya, nabana. Inasoma: asilimia 45. Kijana anapiga makofi. Namwambia aniletee maji.

Saa 7:40. Inachaji. Tunakula matoke na samaki wa Hajati, na hapa sitasema mengi kwa sababu nilirudia mara mbili.

Saa 9:45. Mawingu meusi. Tororo imekuwa ikitajwa duniani kwa wingi wa siku za ngurumo, na sisi hatuhitaji kuambiwa. Ndiyo maana nilikuwa nimefunga kinga ya radi pande zote mbili, ya paneli na ya nguzo. Radi inapiga moja, umeme wa mtaa mzima unaondoka. Sikugusa swichi yoyote. Friza iliendelea kunguruma. Hajati akafungua mlango wake, akaweka mkono ndani, akaufunga, akaufungua tena.

"Acha kuifungua, Hajati, unaila betri."

Saa 12:30 jioni. Naondoka betri ikiwa asilimia 78. Umeme bado haujarudi.

Saa 4 usiku. Nimelala. Simu.

"Fundi, imefika 58. Inakufa?"

Napiga hesabu gizani. Saa 9 zilizobaki, kama uniti 1.9, itafika alfajiri na 21 hivi. Juu ya mstari wa 20, lakini kwa pumzi mbili.

"Haifi. Runinga umezima?"

Kimya.

"Naizima sasa hivi, mwanangu. Ilikuwa inaishia."