Dagaa wa Kigombe na samaki wadogo wa Alaska

Nilipanga kufika Kigombe wakati wa giza, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi haziwavuti dagaa na ufukwe unalala. Nililala Tanga mjini, alfajiri nikapanda gari la Pangani. Niliposhuka kijijini mashua zilikuwa zinaingia.

Utafiti wangu wa uzamivu ni wa kepelini, samaki mdogo wa maji ya baridi ya kaskazini. Kule nyangumi, ndege na samaki wakubwa humtegemea kama huku jodari wanavyomtegemea dagaa. Nilitaka watu wa pwani yetu wausikie utafiti huu kabla haujafungiwa maktaba.

Kazi haikusimama kwa ajili ya mgeni. Dagaa walinunuliwa kwa ndoo, wakatiwa kwenye masufuria ya maji ya chumvi, wakaopolewa na kuanikwa. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akichochea kuni.

“Marahaba, mwanangu. Na huko kwa Wazungu kuna dagaa?”

Nikamweleza kwamba Newfoundland, Kanada, majira ya joto yakianza, kepelini huja wenyewe hadi kwenye kokoto za ufukweni kutaga, na watu huwazoa kwa ndoo. Akamwita jirani yake aje asikie.

Habari ya Alaska ilikuwa nzito zaidi. Kati ya 2014 na 2016 bahari ya kule ilipata joto lisilo la kawaida. Vijidudu vya majini ambavyo kepelini hula, vile vya maji baridi vyenye mafuta mengi, vikapungua, vikaja vya maji ya joto, vidogo na vyenye mafuta kidogo. Na samaki akiwa kwenye joto mwili wake hudai chakula zaidi. Kepelini wakaadimika. Ndege wa baharini waitwao mure wakafa njaa. Takriban 62,000 walikutwa fukweni wamekufa au wakiwa mahututi, kutoka Kalifornia hadi Alaska.

Mama akachukua dagaa mmoja, akampasua tumbo kwa ukucha wa kidole gumba. “Huyu kanona. Wakikonda, mafuta hayaelei sufuriani.”

Nilifurahi mno. Mafuta ndiyo ninayoyapima maabara! Bahari ya Tanga ina desturi zake, ina kusi na kaskazi, wala sisemi kwamba ya Alaska yamefika Kigombe. Ila naamini tukihesabu ndoo peke yake tutachelewa kujua: ndoo inaweza kujaa samaki waliokonda. Akina mama hawa wanastahili daftari, na maneno yao yaandikwe kila msimu.

Nahodha mmoja, aliyekuwa akikunja wavu huku akisikiliza, akauliza samaki wakubwa wa kule walikula nini. Nikamwambia samaki aitwaye kodi wa Pasifiki naye alipungua sana, na mwaka 2020 uvuvi wake katika maji ya serikali kuu, Ghuba ya Alaska, ukafungwa.

“Na wavuvi wake, walipewa nini?”

Utafiti wangu hauna sura ya swali hilo. Nimeamua kuiandika.