Oveni Iliyougua Ikifungwa

Mlio wake nausikia hadi leo: mrefu, mkali, usiokatika mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuzimia. Mama alitokeza mlangoni na kitambaa cha kutolea trei mkononi.

"Imezima tena," akasema, akakaa.

Kwenye kioo, pale panapokaa saa, herufi F na tarakimu 3 zilikuwa zikiwakawaka. Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Oveni inawaka vizuri, inapanda hadi nyuzijoto 200, inatulia hapo, halafu ikifika dakika ya 25 hivi inajizima. Ikishapoa inakuwa nzima kabisa. Kijitabu chake kilieleza kwamba kwa toleo lile F3 ni saketi ya kihisi joto iliyokatika. Niliamini neno kwa neno. Nikaagiza kihisi kipya, nikakifunga mwenyewe, na kesho yake dakika ya 25 mlio ukalia vilevile.

Niliumia kuliko nilivyomwonyesha mama. Oveni ile nilimnunulia kwa fedha zangu za kwanza za kazi, na kila siku alikuwa akiifuta kwa mkono wake kana kwamba ni mtoto mchanga. Karakana niliyoipigia ilinishauri nibadilishe nzima ile bodi ya umeme inayoiongoza oveni, kisha ikaniambia bodi ya toleo hilo haitengenezwi tena. Jioni nikampigia mjomba, ambaye maisha yake yote alikuwa fundi wa redio na televisheni. Siku hizo macho yalikuwa yamemchosha, bisibisi ameiweka chini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako ameshanieleza. Kihisi ulichokitoa kimesoma ngapi?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimekipima.

"Kitafute ukipime, ndipo unipigie."

Kihisi chenyewe ni fimbo nyembamba ya chuma, ndani yake mna platini. Platini ikipata joto, ukinzani wake kwa umeme, unaopimwa kwa omu, hupanda, na hupanda kwa kiasi kinachojulikana. Aina iliyokuwa kwenye oveni yetu husoma omu 1000 kwenye barafu inayoyeyuka, kisha kila nyuzi moja ya joto huongeza karibu omu 3.85. Chumba kilikuwa nyuzijoto 22. Kihisi cha zamani kilisoma omu 1086. Nikakisogeza na kukitingisha waya, namba haikuyumba. Nikatumbukiza ncha yake kwenye maji yanayochemka, namba ikapanda taratibu mpaka 1385, palepale inapotakiwa. Nilikuwa nimeng'oa kifaa kizima na kufunga kizima kingine.

"Ile namba ya kosa haijui kilichoharibika," mjomba akaniambia. "Inajua kilichoifikia bodi. Kati ya kihisi na bodi kuna njia ndefu. Sasa washa hiyo oveni, uiweke simu karibu nayo, uniache nisikilize."

Nilifikiri ni dakika mbili tatu. Alisikiliza dakika 25 nzima. Oveni ikifika joto lililowekwa, rilei kwenye bodi, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, huachia na koili ya kupashia joto hupoa kidogo. Joto likishuka, rilei hushika tena. Kila mara ni *tak* ndogo ambayo mimi sikuwa nimewahi kuitilia maanani. Mlio ulipolia, akauliza kama nimesikia kilichotangulia. Sikusikia. Akanirudisha tena usiku uleule, na safari hii nikaisikia: *tak*, kisha mlio. Rilei iliachia kwanza. Maana yake rilei haikuganda, na bodi ilizima oveni kwa kusudi kwa sababu iliamini haioni tena kihisi. Hapo tukaacha kuzungumzia koili, na tukaacha kuzungumzia rilei.

Kesho yake nilivuta oveni ukutani, nikafungua kifuniko cha nyuma na kuiwasha hivyo hivyo nikiwa nimesimama mbali. Ikafanya kazi saa nzima. Nikaifunga, ikazima dakika ya 26. Nikaifungua, nzima. Nilirudia mara mbili zaidi, nikaandika dakika kwenye karatasi, kwa sababu ugonjwa unaojificha ukiutazama ni rahisi kuuzulia maelezo. Mjomba aliposikia zile namba alifurahi waziwazi. "Ikiwa wazi bodi inapata hewa. Ikifungwa, inapikwa pamoja na oveni. Tafuta kitu kinachoachana kikipata moto."

Nani anaachana: kihisi, waya, konekta inayochomeka waya kwenye bodi, au bodi yenyewe? Jibu lilihitaji kipimo ndani ya dakika chache baada ya mlio, kabla ya chochote kupoa. Kifuniko nikakishikiza kwa skrubu mbili tu. Mlio ulipolia nikazima swichi kuu na kuchomoa plagi. Hata hapo sikugusa kitu kwanza: mjomba alikuwa amenifundisha kuijaribu mita, kile kifaa cha kupimia umeme na omu, mahali ninapojua pana umeme, ndipo nipime pale ninapotaka pasiwe nao, kisha nirudi kule kwa kwanza, maana mita iliyokufa nayo husoma sifuri. Nikafungua kifuniko, nikachomoa konekta ya kihisi kutoka kwenye bodi, nikagusisha ncha za mita kwenye waya.

Omu 1740. Hilo ni joto la nyuzi 195. Kihisi, waya wote, na kichwa cha konekta vilikuwa vikisema ukweli, wakati uleule bodi inaapa kwamba njia imekatika. Nilikaa sakafuni na mita mapajani. Sijui kama nimewahi kuipenda namba kama nilivyoipenda ile.

Bodi ilitoka kwa skrubu nne. Niliacha umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, nikahakikisha kwa mita, kisha nikaipeleka dirishani na kioo cha kukuza. Upande wa juu ilikuwa safi: hakuna kapasita iliyovimba, hakuna palipoungua. Nikaigeuza. Pini sita za konekta zilikuwa zimesimama kila moja katika kilima chake cha lehemu inayong'aa, isipokuwa moja. Kuizunguka palikuwa na pete nyeusi, nyembamba kama unywele. Nikaweka ncha moja ya mita juu ya pini, nyingine kwenye mstari wa shaba unaoifuata. Nikiibonyeza konekta, mita inalia kwamba njia imeungana. Nikiiachia ijiinue, kimya.

Sababu ilikuwa palepale, nami nilikuwa nimeipita mara kadhaa. Fungu la waya lilifungwa likiwa limekazwa, halikuachiwa ulegevu wowote, likawa linaivuta konekta juu. Kila oveni ilipopata moto vyuma vilitanuka, ilipopoa vikasinyaa, na lehemu ikavutwa hivyo kwa miaka hadi ikapasuka. Ikiwa baridi, kingo za ufa ziligusana.

Nilifuta mahali pale kwa spiriti, nikapaka dawa ya kulehemu, nikanyonya ile lehemu ya zamani na kuweka mpya. Mkono ulitulia kuliko nilivyotarajia. Fungu la waya nikalilegeza na kulifunga upya, likakaa bila kuvuta.

Usiku ule oveni ikawa imerudi ukutani, skrubu zote mahali pake. Mama alivuta kiti. Dakika ya 25 hakuna aliyesema neno. Dakika ya 40 nikampigia mjomba.

"Ilikuwa pini ngapi?"

"Moja, mjomba."

"Umelehemu ngapi?"

"Zote sita. Na za rilei zote mbili."

Alikaa kimya kidogo. "Isogeze simu," akasema.

Nikaiweka juu ya kabati kando ya oveni. *Tak*. Kimya kirefu. *Tak*. Mama alinitazama, akanyoosha kidole kwenye simu, akanong'ona kama bado yuko. Nikamwambia bado yuko.