Siku Moja Nikifukua Mchezo wa Zamani wa Kompyuta

Saa 2 asubuhi. Naanza na ripoti ya usiku. Mradi wetu unaunda upya mchezo wa reli wa enzi za DOS (mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows), msimbo wote ukiwa wazi chini ya leseni ya GPL. Usiku seva hukompaili, yaani hugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, toleo jipya la Windows, Linux na macOS, halafu inacheza michezo iliyorekodiwa na kuilinganisha na mchezo wa asili unaoendeshwa ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Hatulinganishi picha za skrini. Tunalinganisha kila treni iko wapi, inakwenda kwa kasi gani, na kampuni ina fedha kiasi gani, hatua kwa hatua. Leo rekodi moja imepotoka: treni inapanda mlima polepole kuliko inavyopaswa.

Rekodi hizo ni faili ndogo sana, kwani zinahifadhi amri za mchezaji tu. Mchezo wa kupigana kwa risasi, Doom, ulifanya hivyo tangu 1993: hatua 35 kwa sekunde, na bahati nasibu yote inatoka kwenye jedwali lenye namba 256, kwa hiyo amri zilezile huzaa pambano lilelile. Uzuri wake ni kwamba kosa dogo halina pa kujificha. Namba moja ikikosewa sasa, baadaye ramani nzima inakuwa nyingine.

Saa 3. Nafungua Ghidra, programu ya kuchambua programu nyingine, ambayo NSA, shirika la ujasusi la Marekani, iliitoa kwa umma mwaka 2019. Unaipa programu iliyokwisha kukompailiwa, inakupa maagizo ya prosesa pamoja na makisio yake ya jinsi yangeandikwa kwa lugha ya C. Kwa mchezo ulioandikwa kwa C, makisio hayo husomeka. Kwa ule ulioandikwa kwa mkono katika asembli, lugha iliyo karibu kabisa na maagizo ya prosesa, kama Transport Tycoon ya Chris Sawyer ya 1994, jiandae kuumwa kichwa: funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) inarukia katikati ya nyingine, na thamani inapitishwa kwenye rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) yoyote iliyompendeza mwandishi. Wetu ni wa ukoo huohuo. Ghidra inaziita funksheni kwa anwani zao za kumbukumbu. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa nazo mpaka uelewe zinafanya nini, ndipo uzipe majina.

Saa 5. Imepatikana. Mchezo wa asili haukugawa mwinuko kwa 2. Ulisogeza biti, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazounda namba, kulia kwa SAR, agizo la prosesa. Kwa namba chanya hakuna tofauti. Lakini -7 ukiisogeza biti moja unapata -4, na ukiigawa kwa 2 katika C++ unapata -3, kwa sababu C++ hukata kuelekea sifuri. Nabadilisha mstari mmoja. Tangu C++20, kiwango chenyewe kinahakikisha kwamba kusogeza namba hasi kunafanya vile ilivyofanya SAR. Zamani iliachiwa kompaila iamue. Rekodi inapita.

Saa 8 mchana. Picha. Mchezo wa asili una rangi 256, na maji yake yanatiririka bila kuchorwa upya: rangi chache za buluu zinabadilishana nafasi kwenye jedwali la rangi. Sisi bado tunachora kwa namba za rangi, kisha programu ndogo kwenye kadi ya michoro inazigeuza kuwa rangi halisi, na SDL, maktaba ya msimbo, inafungua dirisha. Hiyo ilikuwa rahisi. Kigumu ni haki: picha za asili si zetu, kwa hiyo mchezaji lazima awe na nakala yake. OpenTTD, mradi huria ulioiunda upya Transport Tycoon, ilipitia njia hiyohiyo hadi ilipopata picha huria za OpenGFX. Wachoraji wetu wamefika kwenye mabehewa, na nawaonea huruma, maana hakuna seva itakayowaambia kwamba behewa limekaa sawa.

Saa 10. Napitia michango ya msimbo kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo yake. Mmoja unakokotoa kasi kwa namba za desimali. Umeandikwa kwa usafi, na naukataa. Watu wakicheza pamoja mtandaoni, kompyuta zao hutumiana amri tu. Kompaila mbili zikitofautiana kwenye tarakimu ya mwisho, kila mchezaji anabaki na ulimwengu wake. Namba nzima, basi.

Saa 1 usiku. Ubishi wa fedha. Mchezo wa asili unaweka salio katika biti 32, hivyo tajiri akivuka kikomo chake, 2,147,483,647, anajikuta na deni la kutisha. OpenTTD ilishahamia biti 64. Mwenzangu mmoja anataka tuache hitilafu hiyo kwa heshima ya asili. Mimi naona aliyefika huko anastahili fedha zake. Tumeafikiana: biti 64 kwa wachezaji, biti 32 kwenye majaribio ya ulinganisho. Kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye subira ya kutajirika kiasi hicho, nimeandika skripti inayoweka salio la 2,147,483,600 na kungoja treni moja tu ifike stesheni.