Kwa Treni Hadi Trnava

Basi la kwaya lilijaa, nikaambiwa nitangulie kwa treni. Mwenzangu wa bwenini hapa Budapest anaimba sauti ya pili, na kwaya yao ilikuwa imealikwa Trnava, Slovakia, kuimba Missa brevis, yaani misa fupi, ya mtunzi wa Hungaria Zoltán Kodály. "Kaa dirishani, mkono wa kushoto," alinisisitizia.

Nilipanda asubuhi stesheni ya Nyugati. Tulipopita Vác, mto Danube ulikuja ubavuni, tukaenda nao hadi Szob, mpakani. Kufika Štúrovo nikajua kwa nini kushoto. Kuba la basilika ya Esztergom limekaa ng'ambo ya mto, kubwa hadi mji wenyewe unaonekana kama vibanda. Baada ya hapo ni tambarare tupu na mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Nikasinzia. Niliposhtuka, ubao nje uliandikwa Galanta.

Kodály alizaliwa Kecskemét mwaka 1882, lakini baba yake alikuwa mtu wa reli, na watu wa reli huhamishwa. Wakaenda Szob, kisha Galanta alikokuwa stesheni masta, kisha mwaka 1892 Trnava, ambayo Wahungaria huiita Nagyszombat. Wakati huo kote huko kulikuwa Ufalme wa Hungaria. Kumbe nilikuwa napita utotoni mwake, kituo kwa kituo! Trnava ndiko alikosoma na kuimba kwaya ya kanisani.

Nilibadilisha treni Bratislava, na baada ya nusu saa nikawa nimefika, mapema mno. Mlango wa kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji ulikuwa wazi kidogo. Ndani, altare ya mbao ya karne ya 17 imepanda ukuta mzima, nyeusi na dhahabu, watakatifu wamejipanga ghorofa kwa ghorofa. Chini yake kwaya ilikuwa mazoezini. Mwalimu wao, mama mfupi mwenye sweta, hakupiga kinanda. Alikunja ngumi, akalaza kiganja, kisha akakigeuzia kifuani. Kila ishara ni noti: do, mi, so. Wakaitikia polepole, safi kabisa.

Nikacheka peke yangu benchi la nyuma. Mimi ni besi, nimelelewa na kwaya ya parokia kule Songea, kwa manota ya herufi, d, r, m, karatasi zilizodurufiwa hadi huijui f wala t. Sikuwahi kujiuliza yametoka wapi. Kwetu yaliletwa na wamisionari. Kodály naye aliyakuta Uingereza, akaona yanawafaa watoto wa shule za kwao.

Jioni watu walijaa. Kiingilio hakikuwapo, kikapu tu mlangoni. Misa hii iliimbwa mara ya kwanza Februari 1945, Budapest ikiwa imezingirwa na vita. Kodály na mkewe walikuwa wamejificha chini ya jumba la Opera, na ikaimbwa humo humo, kwenye chumba cha kuwekea makoti. Hilo lilinikaa kichwani tangu kinanda kilipoanza. Kwenye Christe, yaani "Kristo utuhurumie", wasoprano watatu walipanda, mmoja akimpita mwenzake, hadi bibi aliyekaa karibu nami akaacha kumenya pipi, karatasi nusu imefunguka.

Besi wao hawakutikisa hata bega. Sauti zilitoka, miili imeganda. Mimi mguu ulikuwa umeshaanza chini ya benchi. Lakini kwenye Agnus Dei, yaani "Mwanakondoo wa Mungu", ule wimbo wa mwanzo uliporudi, sasa ukiwa na maneno ya kuomba amani, hata mguu ulitulia. Nikawa naitikia kimoyomoyo, "utujalie amani." Walipomaliza, palipita muda mrefu kabla mtu hajapiga kofi.

Nje kulikuwa na baridi ya Oktoba. Nikamrekodia mwalimu wangu wa kwaya, "Shikamoo Mwalimu, sikiliza hii," nikamtumia kipande. Jibu lilikuja nikiwa stesheni.

"Marahaba. Besi wanafika chini?"

"Wanafika, Mwalimu. Ila hawachezi."