Wachumba, halafu mke na mume (London, 1805)

Jana usiku badala ya kulala nikawa natazama picha za James Gillray, yule mchoraji vikaragosi wa London, na kuna mbili za 1805 zimenikaa kichwani mpaka saa hizi. Ya kwanza ni wachumba, binti anapiga kinubi, kijana yuko karibu yake wanaimba pamoja, hadi paka wanacheza zao kwa raha. Ya pili ni haohao wameshaoana! Mke yuko kwenye piano anaimba kwa nguvu zote, mume kamgeuzia mgongo, anakula huku kaziba sikio, yaya anaingia na mtoto anayelia na kimanyanga mkononi, mbwa na paka nao wanataka kumalizana, na kati ya nyimbo za mke kuna moja kichwa chake ni kutengana. Picha haitoi sauti ila kichwa kinauma.

Na wala hakuna aliyepigwa, hakuna sahani iliyorushwa. Ni asubuhi tu ya watu wenye hela zao waliochokana, na ukiangalia vizuri anayefanya kazi humo ndani ni yaya peke yake. Nikamtumia shoga yangu, akajibu “mume wangu huyo, mpaka mkao”.

Kinachonishangaza zaidi ni kazi yenyewe. Bamba la shaba linapakwa nta, unakwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane, halafu asidi inakula palepale ulipokwaruza, na lazima uchore kinyume maana ikichapwa kulia inakuwa kushoto. Yaani ule mdomo wa mtoto umeliwa na asidi. Baada ya hapo rangi inapakwa kwa mkono, nakala moja moja.

Sasa umbea: Gillray hakuoa maisha yake yote. Aliishi juu ya duka la mchapishaji wake, Hannah Humphrey, mtaa wa St James's, na huyo mama aliitwa Mrs japo hakuwa na mume. Watu walisimulia kwamba siku moja walikuwa njiani kwenda kanisani kufunga ndoa, Gillray akasema mbona tunaishi vizuri tu hivi, tuache, wakageuza wakarudi dukani. Mimi namwamini. Ukishachora mume wa vile, kanisani unafuata nini?