Koki za Vyumba Vitupu

Nyumba ya wageni ikikosa wageni, kinachotangulia kuharibika si godoro wala rangi ya ukuta. Ni hewa. Chini ya kila sinki pana mkunjo wa bomba unaobakiza maji kidogo, na hayo maji ndiyo yanayozuia uvundo wa mtaro usipande chumbani. Sinki likikaa wiki kadhaa bila kuguswa, maji yale hukauka, na siku utakayofungua mlango utadhani panya amefia mle. Sikuyajua hayo kabla ya kwenda Yerusalemu. Aliyenifundisha alikuwa fundi wetu wa Bethlehemu, Mpalestina wa ng'ambo ya kizuizi cha jeshi, na alinifundisha kwa simu, kwa kuwa vita vilipoanza vibali vya watu wa kwao vya kuvuka kuja kazini vilisimamishwa, na chake kikiwemo.

Basi kila Jumanne jioni nilichukua tita la funguo nikapanda juu. Vyumba thelathini na vinane. Nafungua koki ya sinki, nafungua ya bafu, navuta maji ya choo, nahesabu mpaka sitini, nafunga, nahamia kinachofuata. Baada ya miezi kadhaa nikajitungia njia ya mkato: nafungua koki za vyumba vitatu kwa mpigo, kisha narudi kuzifunga kwa zamu. Mama Mkuu hakuijua njia hiyo. Wala hakujua kwamba mwezi wa nane, harufu iliponishinda kwenye chumba namba 31, nilisokomeza kitambaa kwenye tundu la sinki nikaondoka zangu.

Nilikuwa nimefika Septemba 2023, mtawa kutoka Tanzania, nimetumwa kwa miaka miwili: asubuhi nisome Biblia, mchana nisaidie mapokezi. Nyumba yenyewe imo ndani ya Mji Mkongwe, hatua chache kutoka Via Dolorosa, na kazi zake ni mbili. Ghorofa za kulala ni za mahujaji wanaokuja kufuata njia ya msalaba. Maktaba na darasa ni kwa ajili ya Wakristo, Wayahudi na Waislamu wanaotaka kusoma maandiko pamoja, kazi iliyopata nguvu baada ya tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa Nostra Aetate, tamko juu ya uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo. Hesabu za nyumba ni rahisi kuzielewa. Darasa halijawahi kujilipia hata senti. Hujaji analala, analipa, na malipo ya kitanda chake ndiyo yanayonunua vitabu, yanayowasha taa na kumlipa mwalimu. Wengi wa mahujaji hawakujua hata kama kuna darasa.

Wiki zangu tano za kwanza nyumba ilijaa mpaka tukawa tunatandika vitanda vya ziada kwenye korido. Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba, Hamas waliposhambulia Israeli kutoka Gaza.

Wengine wameshasimulia ya siku ile na ya Gaza baada yake. Sisi Watanzania tulikuwa na letu pia, vijana wetu wawili waliokwenda kujifunza kilimo na hawakurudi hai. Mama yangu alinipigia kila usiku kwa wiki nzima, na kila simu iliishia kwa maneno yaleyale: mwanangu, rudi. Mimi mchana nilikuwa na rula na kalamu nyekundu, nafuta majina kwenye daftari la nafasi. Mashirika ya ndege yalisitisha safari, na vikundi vikafuata kimoja baada ya kingine. Oktoba ikaisha, Novemba ikaisha, nikafika Pasaka ya mwaka uliofuata nikiwa bado nafuta. Ukurasa mzima ukiwa mwekundu, jicho linauma.

Tukapunguza kila kinachopunguzika. Tukazima hita za ghorofa mbili. Mpishi, naye wa ng'ambo ya kizuizi, akawa anatuelekeza kwa simu namna ya kupika dengu zisishike sufuria. Friji kubwa la kugandisha, lile la nyama na mikate ya wageni, likabaki tupu, na tulikuwa tumeshakubaliana kulichomoa mwisho wa mwezi ili kuokoa umeme. Maduka ya rozari na misalaba ya mzeituni pale mtaani yalishusha vyuma vyake, ukipita mchana unasikia nyayo zako mwenyewe.

Jambo moja tu Mama Mkuu alikataa kulipunguza, nalo ni darasa la Jumanne. Nakiri niliona ni ukaidi wa kizee. Walikuwa wakija watu ishirini na tano, sasa wanakuja sita, chai ni yetu, taa ni zetu, na wenyewe hawatazamani usoni. Miezi minne ya mwanzo hawakuja kabisa. Waliporudi, Februari, hawakuweza hata kusoma wawili wawili kwa mtindo wa Kiyahudi waliouzoea, ule wanaouita havruta, wa kubishana juu ya mstari mmoja mpaka chai ipoe. Wote walikaa meza moja na padre mzee akasoma kwa sauti. Nikauliza siku moja mezani tunaendesha darasa au tunalinda viti. Mama Mkuu akanijibu, "Vyote viwili. Nipe chumvi."

Jumanne ninayoisimulia ilikuwa tarehe 1 Oktoba 2024. Kesho yake jua likizama ungeanza mwaka mpya wa Kiyahudi, kwa hiyo walichagua kusoma Mwanzo sura ya 21, ambayo husomwa katika masinagogi siku ya kwanza ya sikukuu hiyo: Hajiri amefukuzwa, kiriba kimeisha maji, amemlaza mtoto chini ya kijiti, amekaa mbali asimwone akifa. Walikuwepo rabi mstaafu, mama mmoja wa Kiyahudi aliyefanya kazi ya ukutubi maisha yake yote, ustadhi wa Wadi al-Joz, mtaa wa Yerusalemu Mashariki, kijana Mkristo wa Kipalestina, padre wetu na Mama Mkuu. Nilipowapelekea chai rabi alikuwa anaeleza neno la Rashi, mfasiri wa karne ya 11, juu ya pale Mungu anapomsikia kijana "hapo alipo": kwamba mtu huhukumiwa kwa jinsi alivyo saa hiyo, si kwa atakayoyatenda kesho. Kijana akauliza, "Na hilo ni kwa kila mtu?" Rabi akanyamaza kidogo. Nikashika funguo zangu nikapanda.

Ilipata saa moja na nusu usiku, niko chumba cha 31, koki za 29, 30 na 31 zote ziko wazi, simu ikapiga kelele mfukoni mwa aproni. Simu za maktaba chini yangu zikalia pamoja nayo, kisha ving'ora vikaanza. Iran ilikuwa imerusha makombora. Aprili yake tulishayaona yakipasuliwa juu ya Kuba la Mwamba, lakini yale yalikuja usiku wa manane tukiwa vitandani. Safari hii nilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Sikuwaza koki. Nilishuka ngazi mbili mbili, nimeshika shela kwa mkono mmoja.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazina chumba cha zege cha kujikinga. Sisi tuna chumba cha chini chenye dari la upinde wa mawe, ambacho wazee wa zamani walihifadhia mafuta, na humo ndimo tulimokaa watu saba. Milio ilikuwa mizito na ya mfululizo, vumbi jembamba likawa linatuangukia mabegani. Rabi alikuwa akisoma zaburi kwa midomo tu. Ustadhi alisimama, kiganja kimegusa ukuta, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

Ningependa kusema pale chini tulikuwa ndugu, ila haikuwa hivyo. Kijana alifungua video kwenye simu, watu wa mtaa fulani wanapiga picha anga na wengine wanashangilia. Yule mama akamwambia azime. Akasema kwamba mwanawe ameitwa jeshini, yuko kaskazini. Kijana akamwambia kwamba shangazi yake ana karibu mwaka analala kwenye parokia ya Familia Takatifu, Gaza, na hakuna aliyewahi kuzima kitu kwa ajili yake. Hakuna aliyeongeza neno. Padre alikohoa, nami nikayatazama mawe ya sakafu, kwa sababu mahali pengine pa kutazama palikuwa nyuso zao.

Tulikaa karibu saa nzima. Tangazo la kutoka lilipokuja tukapanda kwa mstari, na kwenye kona ya ngazi padre akasimama akasema, "Mvua hiyo?" Oktoba mosi, Yerusalemu, mvua! Nikasikia nami. Kisha nikaona maji yanashuka ngazi kwa ngazi, taratibu, bila haraka, yamebeba chembe za lipu nyeupe.

Nilijua papo hapo. Nilipanda mbio mpaka nikateleza. Chumba cha 31 kilikuwa bwawa. Kitambaa changu kimeziba tundu sawasawa, sinki limefurika, sakafu imejaa, na maji yamepata njia kwenye ufa wa mawe kuelekea chini. Chini ni maktaba.

Ustadhi alikuwa wa kwanza kupata akili. Aliuliza koki kuu iko wapi, akaenda akaifunga, akarudi amekunja suruali mpaka magotini na kushika ule ubao wenye mpira wa kusukumia maji ambao kila nyumba ya kule inao. Rabi naye akakunja. Mama Mkuu, miaka sabini na mbili, alikuwa anapiga deki akiwa peku. Ustadhi alinitazama nimesimama kama nguzo, akasema, "Hajiri alikimbia mara saba kati ya Safa na Marwa kuyatafuta maji, Sista. Wewe yamekukimbilia mwenyewe." Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikachukua ndoo.

Rafu mbili zilikuwa zimelowa, za fafanuzi za Torati na kamusi za zamani. Tukapanga mstari kutoka rafu hadi meza kavu, kitabu kinapita mkono hadi mkono. Kimoja kilimponyoka rabi kikaanguka chini. Akakiokota, akakibusu, akampa ustadhi. Ustadhi akakipokea kwa mikono miwili, akauliza vinavyoharibika kabisa wanavifanyaje. Rabi akasema wanavizika. "Na sisi misahafu iliyochakaa tunaizika," akasema ustadhi, akapitisha kitabu.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua kurasa nizianike, yule mama akanishika mkono. "Usifungue. Karatasi itachanika, na kufikia kesho kutwa ukungu umeingia. Mna friji la kugandisha?" Nikadhani sijamsikia vizuri. Akaeleza kama mtu asemaye mambo ya kila siku: kitabu kilicholowa ukikigandisha, ukungu hauoti, unapata muda wa kukikausha kimoja kimoja kwa nafasi yako. Kwa kawaida friji lile lisingekuwa na nafasi hata ya samaki mmoja. Usiku ule lilikuwa tupu, linanguruma peke yake, limebakiza wiki chache kuchomolewa.

Kwa hiyo tuligandisha vitabu. Kijana alishika mfuko wa plastiki wazi, yule mama akaviringisha kitabu kwa karatasi ya kuokea mikate, akakitia, akaandika jina na namba kwenye kipande cha plasta, kijana akafunga, akapeleka jikoni. Hawakuzungumza chochote zaidi ya "Hiki?" na "Bado, lete kingine." Simu ya mama ililia mara mbili, akatazama jina, akairudisha mfukoni, mara ya tatu akatoka koridoni akasema maneno machache kwa Kiebrania, akarudi macho yamemwiva. Kijana alikuwa amemngojea na mfuko wazi. Vilifika arobaini na moja.

Sura ya 21 haikumaliziwa. Rabi na yule mama waliondoka pamoja kuelekea Lango la Jaffa, ustadhi akashika njia ya kwake amevaa suruali ya bustani ya padre, fupi kwake kwa shubiri nzima. Kijana aliondoka bila kuaga mtu. Jumanne iliyofuata hakuja, na iliyofuata vilevile, na nisije nikadanganya kwamba baadaye alirudi.

Ilikuwa inakaribia saa tano. Nilimkuta Mama Mkuu jikoni amekaa mbele ya friji, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nikamweleza yote, kitambaa, koki tatu tatu, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anasugua kisigino.

"Ulifika chumba cha ngapi?" akauliza.

"Thelathini na moja, Mama."

"Basi bado saba. Koki kuu nimeshaifungua."

Nikachukua funguo.